Bondia

Kwanza ilikuwa Kanada.
Tukaifuta kwa sababu ya magoti ya Mchopa,
yaliyobeba miaka thelathini ya magunia bandarini
na sasa yanalalamika hata kwa umande wa Juni wa hapa Mtwara.
Kisha Omani, wiki mbili tu:
Selestina alisema haanzi upya mahali
pasipo na uraka wala kengele ya Jumapili.
Ndipo ikaja Ureno, ikakaa
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.

Jumanne, saa kumi, pale Shangani
kwa Somoe muuza ming'oko:
sahani moja, chumvi, pilipili isiyo na adabu,
watu watatu wenye jumla ya miaka mia mbili na tisa
tukigombea daftari moja la mistari.
Selestina, mkunga wa Ligula, ndiye mwalimu.
Maneno aliyapata kwa bibi yake
aliyevuka Ruvuma usiku, mtoto mgongoni,
akiwakimbia wenye lugha hiyo hiyo.
"Asubuhi unasalimia: bondia."
Mchopa akakunja ngumi.
"Sivyo, mzee. Ni salamu."
"Salamu gani hiyo ya kutoana meno?"
Tangu siku ile tukikutana tunakunja ngumi,
bondia, bondia,
na watoto wa shule wanatuona tumerukwa.

Halafu tukagundua:
meza, kwao ni meza.
Bendera, karibu vilevile. Leso, hiyo hiyo leso.
"Kumbe tumeshafika nusu ya njia," nikasema,
"na hatujauza hata kuku."
Na gereza (hapo Selestina alishusha sauti)
gereza lilitokana na neno lao la kanisa.
Hatukucheka.
Kila mmoja alimenya ung'oko wake.

Sitasema sana kiinua mgongo kilikwenda wapi.
Changu kilipanda juu ya nyumba kikawa bati,
kikashuka kikawa ada ya mjukuu,
kilichobaki kiliondoka bila kunipa mkono.
Nilikuwa mpima mizani kwenye ghala la korosho.
Gunia nalijua kwa kulitazama tu,
hata lile lililotiwa mchanga katikati.
Ndoto yetu niliipima siku ya kwanza.
Nikanyamaza, nikaagiza sahani ya pili.

Lakini mwezi wa Mei tulikwenda Uhamiaji.
Nani alianza? Hakuna anayekiri.
Mchopa alivaa koti la harusi ya mwanawe,
Selestina alijipaka wanja,
picha zetu zilitoka kama za watu wanaotafutwa.
Dirishani alikaa kijana mpole, kola imenyooka.
Selestina akamkazia macho:
"Wewe nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu."
Kijana akainamia fomu.
"Sababu ya safari?"
"Matibabu," nikasema mimi.
"Biashara," Selestina.
"Ngumi," Mchopa.
"Na mtarudi lini?"
Feni ikazunguka mara nyingi.
"Jumanne," akajibu Mchopa,
kwa sauti ya mtu anayeshangaa kuulizwa.

Pasipoti yangu ninaiweka kwenye kopo la biskuti
pamoja na kadi za kliniki za wanangu.
Kurasa bado zinanuka gundi.
Usiku mwingine, umeme ukikatika, naipapasa tu:
muda wake utakwisha nikiwa na themanini na moja.
Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunikopesha miaka kumi
bila mdhamini.

Jana Mchopa alipiga simu.
Wingu limefunga, akasema, kesho itanyesha;
mwavuli, kwao wanauitaje?
Sikujua. Selestina naye hakujua.
Nikamwambia aje hivyo hivyo,
tutalowa kwa Kiswahili.